Wawili Wawili

Mkutano ni Alhamisi ijayo. Leo Ijumaa, ofisi ya Ngara,
ghorofa ya nne, lifti imegoma tena,
nami nina fomu sitini na tatu za wapima ardhi
na agizo la mwenyekiti: "Waoanishe.
Wapigiane simu kabla ya siku yenyewe,
dakika ishirini tu, wasije wakasimama ukumbini
kila mtu na kikombe chake kama nguzo za stima.
Atakayebaki mtie popote, wawe watatu."

Akashuka ngazi.
Kana kwamba mimi ni mshenga.

Mshenga hutumwa na upande mmoja.
Mimi sina posa wala mahari,
nina rula, kalamu nyekundu, chai iliyopoa
na majina niliyoyakata kwa makasi
nikayatandaza mezani kama dagaa juani.

Jerotich wa Kapsabet, mwaka wake wa kwanza kazini,
nikampa Mzee Okumbe, aliyepima kwa mnyororo
enzi ambazo setilaiti ilikuwa habari ya redioni.
Abdinoor wa Garissa anachora ramani za visima;
Nzilani wa Kibwezi ameandika, kwa herufi kubwa, MAJI.
Hao wamejioanisha wenyewe.
Mwachofi na Lesiamon niliwatenga mbali:
walikutana mahakamani mwaka juzi, kesi ya uzio,
na kila mmoja bado anamwita mwenzake "yule".
Nikafikiri, nikawarudisha pamoja.
Nikawatenga tena. Si kila wawili ni chanda na pete,
na dakika ishirini ni nyingi.

Swali la mwisho nililitunga mwenyewe:
Ungependa kuzungumza na mtu wa namna gani?
"Mwenye tenda." "Mwenye droni."
"Yeyote, mradi asinihubirie."
Mmoja kaandika jina la mkewe, akalikata.

Na Kwamboka, wa Keroka,
mwandiko mwembamba unaoegemea kushoto:
"Mtu aliyewahi kukosea kipimo, na akajua."

Nilizipitia fomu zote upya.
Vyeti, mashine, miaka thelathini na mmoja kazini,
tuzo ya kaunti.
Watu sitini na wawili wasiokosea hata sentimita,
na jiji zima kuta zinapigana vikumbo.
Chini, Ngara ilikuwa inauza suruali za mitumba kwa makofi.

Nikakumbuka Ruai.
Kigingi kimoja, mita moja na robo.
Nilisoma saba mahali pa moja
kwa sababu ya vumbi, au njaa, au haraka,
sababu nimeibadilisha mara nyingi.
Jiko la mama yule likaangukia kwa jirani.
Hakunipigia kelele. Aliinua sufuria ya maharagwe
ikiwa bado inachemka
akaihamishia upande niliomwonyesha.
Niligundua Jumatatu iliyofuata, penseli mkononi.
Ramani ilikuwa imeshapigwa muhuri.

Kazi ya katibu haina vumbi. Ndiyo maana niliiomba.

Nikakata karatasi tupu, upana sawa na nyingine,
nikaandika: Syombua.
Nikaiweka kando ya ile ya Kwamboka,
nikapima pengo kwa rula, mazoea tu,
sentimita mbili na nukta tatu,
kisha nikazisukuma kwa kidole zikagusana.

Jumanne, saa moja na nusu jioni,
simu ikalia mara mbili.
"Ni Kwamboka. Nani aanze?"
Nilikuwa nimeandaa maneno ya karibu, asante kwa kujiandikisha,
ratiba, maegesho ya magari.
"Mimi," nikasema. "Ilikuwa Ruai. Kulikuwa na vumbi..."

Akasubiri. Nilimsikia akivuta kiti.

"Hapana. Ngoja. Halikuwa vumbi."